Bi Mize na Kiunga cha Wote

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo ameitikia huku anatafuna? Meza kwanza, nakungoja. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa tumesikizana. Zamani hizo, zamani za kale hasa, kabla babu wa babu yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na mji. Jina lake msiniulize. Waliolijua wamekwishalala. Mji ule ulikuwa na kisima kimoja, msikiti mmoja, na kiunga kimoja. Kiunga, wajukuu zangu, ni shamba la miti ya matunda. Na kiunga kile kilikuwa cha wote.

Kilikuwaje cha wote? Hivi. Kila walipooana watu wawili, siku ya saba walikwenda pamoja wakapanda mti. Walioelewana walipanda. Waliokwisha kugombana siku ya sita walipanda vilevile, wamepeana migongo. Ndiyo maana humo mlikuwa na kila namna: mizambarau, mipera, mistafeli, mishokishoki, mifenesi. Miti hamsini na mitatu. Sheria yake ilikuwa moja tu: kula ushibe, na ukitoka, toka na kile kinachoenea katika viganja vyako viwili. Mgeni alikula. Mjane alikula. Mwaka mvua ilipokataa, mpunga ukawa majani matupu, mji mzima ulikula humo miezi mitatu, na hakuna aliyezikwa kwa njaa.

Sasa katika mji huo alikuwapo bibi mmoja, Bi Mize. Alikuwa mfupi. Akisimama na ufagio wake, uliuona ufagio kwanza. Kila asubuhi alikwenda kiungani akafagia majani. Chwa, chwa, chwa. Ufagio ulisemaje?

— Chwa, chwa, chwa!

Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru. Chwa, chwa, chwa, basi. Na tena Bi Mize alikuwa na masikio ya ajabu. La kushoto halikusikia kitu. La kulia lilisikia lilichotaka.

Mkuu wa mji aliitwa jumbe. Jumbe wa siku hizo alikuwa Kibwana, na Bi Mize ndiye mkunga aliyemzalisha mama yake. Hakuwa mtu mbaya, Jumbe Kibwana. Alisuluhisha watu vizuri, hakumpiga mtu, hakumnyang'anya mtu. Shida yake ni moja: alialikwa harusi.

Alialikwa harusi mji wa jirani, ng'ambo ya mto. Huko akaona jumba. Jumba la mji, la kukutania watu! Lina nguzo arobaini. Lina milango saba. Ukikohoa upande huu, kikohozi chako kinakujibu upande ule. Jumbe Kibwana alikohoa mara tisa. Mwenyeji wake akamletea tangawizi.

Akarudi nyumbani mgonjwa. Chakula hakipiti. Mkewe, Bi Kirembo, akamuuliza, "Mume wangu, umekula nini huko?"

"Sikula. Nimeona."

"Umeona nini?"

"Jumba!"

Asubuhi, jumba. Mchana, jumba. Akinawa, jumba. Akivaa kofia, jumba. Siku ya nne akaamuru baragumu lipigwe. Puuu! Puuu! Watu wakakusanyika.

"Watu wangu," akasema Jumbe, "tumebaki nyuma. Wenzetu wana jumba, sisi tunakutana uani kwangu, mnakanyaga kuku wangu. Tutajenga jumba! Nguzo hamsini! Milango minane! Na nimekwisha kumwalika jumbe wa ng'ambo aje alione."

Watu wakapiga vigelegele. Nani asiyetaka jumba?

"Tutalijenga wapi?" akauliza mmoja.

"Mahali pa tambarare ni pamoja tu. Kiungani. Miti itakatwa, jumba litasimama. Mnakubali?"

Vigelegele vikapungua kidogo. Kila mtu akamtazama jirani yake. Kila mtu akaona jirani ametulia. Akajiambia, kumbe wenzangu wamekubali, mimi nani hata nikatae? Wakasema wote kwa pamoja, "Tunakubali."

Bi Mize akasimama na ufagio wake. "Sikusikia," akasema.

Jumbe akarudia. Nguzo hamsini, milango minane, miti ikatwe.

"Sikusikia."

Jumbe akapaza sauti. Mishipa ikamsimama shingoni. "Mi-ti i-ka-twe!"

"Sikusikia, mwanangu. Sogea huku."

Jumbe akasogea, akainama, akapiga kelele hata sauti ikamkauka: "Nasema tuikate miti yote iliyopandwa na baba zetu na mama zetu, tujenge jumba!"

Watu wakamkodolea macho. Hata yeye mwenyewe alishtuka kidogo.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza, Kibwana," akasema Bi Mize. "Nilitaka ujisikie mwenyewe."

Watu wakacheka. Jumbe akakasirika. "Bi Mize, nakuheshimu, lakini nipe mahali pengine pa tambarare. Mteremkoni? Wazee wabiringike mkutanoni? Mpungani? Tule nini? Kinamasini? Tukae na vyura?"

Hapo hasa, wajukuu zangu, Jumbe alikuwa na haki. Mahali pengine hapakuwapo. Bi Mize alilijua hilo, na moyo wake ulikuwa ukidunda kama kinu cha harusi. Lakini uso hakuubadilisha.

"Sikatai jumba," akasema. "Nauliza tu. Jumba litakuwa la nani?"

"La wote."

"Na kiunga ni cha nani?"

"Cha wote."

"Basi wote waulizwe. Si kiunga kizima kwa mkupuo. Mti mmoja mmoja. Mti wenye mtu wa kuutetea uachwe. Mti usio na mtu ukatwe. Na pale patakapokuwa wazi, hapo hapo usimamishe jumba lako, si kwingine."

Jumbe akafikiri. Watu wote wamekwisha kukubali, atatetea nani? Akaona bibi amechoka, anatafuta njia ya kushindwa bila aibu. Akacheka.

"Nakubali! Lakini mtu mmoja ana mti mmoja tu. Na wewe mwenyewe huhesabiwi, Bi Mize. Wewe utatetea hata mbigili."

Bi Mize akaubana ufagio kwapani. Kisha akasema, "Sawa. Nisihesabiwe. Apa."

Jumbe akaapa mbele ya mji mzima, mkono mmoja juu, mwingine kichwani kwa baba yake mzazi, mzee sana, ambaye alikuwa amesinzia. Siku ikawekwa: baada ya siku saba.

Siku zile saba Bi Mize alifanya nini? Hakuhubiri. Hakulia. Hakumlaani mtu. Alipita nyumba kwa nyumba na ufagio wake. Hodi! Karibu. Hakukaa. Aliuliza neno moja tu: "Nimekuja kuuliza, tuanze kukata mti upi?"

Akafika kwa Mzee Chande, mshauri mkuu wa Jumbe, yule aliyepiga vigelegele kuliko wanawake.

"Wowote ule," akasema Mzee Chande. "Anzeni popote. Ila..." Akatazama jikoni, alikokuwa mkewe. Akashusha sauti. "Ila ule mfenesi wa karibu na kisima, huo uwe wa mwisho mwisho."

"Kwa nini?"

"Hivyo tu."

Bi Mize akatikisa kichwa, akaenda zake.

Akafika kwa Fundi Ngwali, mwenye shoka, aliyekuwa amepewa kazi ya kukata. Alimkuta ananoa. Shwa, shwa, shwa.

"Tuanze na upi, fundi?"

"Mimi nitakata utakaoonyeshwa, Bi Mize. Kazi ni kazi." Akanoa kidogo. Akaacha. "Ila mbalungi... mbalungi si mti mkubwa, unajua. Haumzuii mtu kujenga."

"Kwa nini mbalungi?"

"Hivyo tu."

Nyumba hadi nyumba, ilikuwa hivyo hivyo. Wowote, ila ule. Wowote, ila ule. Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye "ila". Bi Mize hakumwambia mtu siri ya mtu.

Siku ikafika. Puuu! Baragumu. Jua limetoka, umande bado. Mji mzima uko kiungani. Jumbe amevaa joho. Fundi Ngwali ana shoka begani. Wakaanza na mzambarau ulio mlangoni.

"Nani anautetea mti huu?" akauliza Jumbe, haraka haraka, kama mtu anayeuliza ili asijibiwe.

Kimya. Fundi akainua shoka. Juu, juu, juu...

"Ngoja!"

Ni mama mmoja mwenye watoto saba. "Jumbe, nisamehe. Watoto wangu wakila zambarau ndimi zinakuwa nyeusi. Ndivyo ninavyojua aliyekunywa dawa na aliyenidanganya kwamba amekunywa, maana dawa naichanganya na maji ya zambarau. Mti huu ukiondoka, sina njia."

"Uachwe," akasema Jumbe. "Mmoja si kitu. Tuendelee."

Wakaenda mpera. Shoka juu, juu, juu...

"Ngoja!"

Ni wake wa mji, wanane kwa pamoja. "Hapa ndipo tunapokaa kuwasema waume zetu. Mnataka tukawaseme wapi? Nyumbani?"

Mstafeli. Ngoja! Mshokishoki. Ngoja! Mti kwa mti, ngoja kwa ngoja, hata watu wakatunga wimbo papo hapo. Nyinyi itikieni "Ngoja!"

Mwenye shoka, shusha!
— Ngoja!
Huu una mwenyewe!
— Ngoja!
Mwenyewe ni nani?
— Ngoja!
Alijificha jana!
— Ngoja!

Jasho likamtoka Jumbe. Wakafika kwenye mfenesi wa kisimani. Jumbe akamgeukia Mzee Chande, mshauri wake, rafiki yake. "Angalau huu, Chande. Huu hauna mtu. Kata!"

Shoka juu, juu, juu...

"Ngo..." akasema Mzee Chande. Akakohoa. Akatazama chini. "Ngoja."

"Chande! Hata wewe?"

"Jumbe, mke wangu amenikataza fenesi nyumbani. Anasema utomvu unaganda kwenye mikeka. Basi kila alasiri, nikisema nakwenda barazani kwako kushauriana mambo ya mji..."

"Huji barazani kwangu!"

"Siji. Nakuja hapa, najipaka mafuta ya nazi utomvu usinigande, nakula."

Mkewe alikuwa nyuma yake. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ndiyo sababu ndevu zako zinanuka mafuta ya nazi kila jioni! Na mimi nilidhani umepata mke wa pili! Miezi sita siongei na mjane wa watu!" Akamkumbatia mumewe kwa furaha, kisha akampiga kofi la bega, kisha akamkimbilia yule mjane kumwomba radhi. Watu walicheka hata wengine wakakaa chini.

Wakafika mbalungi. Jumbe hakuuliza hata. "Fundi, kata upesi kabla hawajasema."

Fundi Ngwali akalishusha shoka. Akaliweka majanini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Fundi, unafanya nini?"

"Jumbe, mama mkwe wangu anakaa kijiji cha pili. Kila Ijumaa nampelekea balungi moja, anakula, anafurahi, anabaki huko huko. Siku moja sikumpelekea. Alikuja kulitafuta mwenyewe. Alikaa kwangu miezi minne." Akapiga magoti. "Jumbe, nawe umeoa. Nihurumie."

"Uachwe, uachwe!" wakapiga kelele wanaume wote walio na mama wakwe.

Wakafika mkomamanga. Miba mitupu, matunda mawili. Jumbe akavuta pumzi. Mti kama huu nani atautaka? Lakini aliyetokea mbele, ushungi kichwani, alikuwa mkewe mwenyewe, Bi Kirembo.

"Huu ni wangu," akasema.

"Mke wangu! Kwa nini?"

"Niseme mbele za watu?"

"Sema!"

"Hapa ndipo nilipokuona mara ya kwanza. Ulikuwa kijana, umepanda kuiba komamanga, kanzu imenasa kwenye miba, unaning'inia, unamwita mama yako. Mimi ndiye niliyekunasua. Nikasema moyoni, huyu asipooa mtu mwenye akili, atakufa mapema."

Siku ile kicheko kilisikika hata ng'ambo ya mto. Jumbe alijifunika uso kwa joho. Lakini waliokuwa karibu walisema naye alikuwa akicheka ndani ya joho.

Basi ikabaki miti mitano, ikabaki mitatu, ukabaki mmoja.

Mti wa mwisho ulikuwa mdanzi. Mnalijua danzi? Linafanana na chungwa, lina rangi ya chungwa, lakini ukilitia mdomoni, macho yanafumba yenyewe. Ulikuwa umesimama pembeni, umepinda mgongo. Fundi Ngwali akaokota shoka lake.

"Nani anautetea mti huu?"

Kimya.

Watu wakatazamana. Wote waliokuwapo walikuwa wamekwisha kutetea, au waliunga mkono mti wa mwingine, na mtu mmoja ana mti mmoja tu. Na hata kama angebaki mtu, nani angetetea danzi? Kila aliyelionja alilitema.

Fundi akamtazama Bi Mize. Bi Mize alikuwa ameushika ufagio kwa mikono miwili.

Mzee mmoja akamnong'oneza Jumbe sikioni. Jumbe akageuka. Hasira yote ikamwisha. Mdanzi ule aliupanda Bi Mize na mumewe, Mzee Salehe, siku ya saba ya ndoa yao. Aliyewauzia mche aliwaambia ni mchungwa mtamu. Ulipozaa, mumewe alionja, macho yakamfumba, akasema, "Mtamu sana, mke wangu." Na kwa miaka thelathini alikula danzi moja kila msimu, hakukunja uso, ili mkewe asione kwamba walidanganywa. Sasa miaka kumi na mitano yuko kaburini.

"Bi Mize," akasema Jumbe polepole, "una neno?"

"Mimi sihesabiwi."

"Nitakuhesabu. Mimi ndiye niliyesema, mimi naondoa."

"Uliapa mbele ya watu, Kibwana. Ukikivunja kiapo leo kwa ajili yangu, kesho utakivunja kwa ajili ya nguzo hamsini. Kata, fundi. Noa kwanza, usiutese."

Kwa! Kwa! Kwa! Hakuna aliyeimba. Mdanzi ukalala. Bi Mize akaokota madanzi yaliyodondoka, yote yanayoenea katika viganja viwili, kama sheria ilivyo. Akakaa chini. Akalia kidogo, akafuta macho kwa pembe ya kanga.

"Kwa nini hukutuambia?" wakauliza wanawake. "Siku saba umepita kwetu!"

"Ningewaambia, mngenitetea mimi. Nilitaka muitetee miti yenu." Akamenya danzi moja, akalitia mdomoni, macho yakafumba. "Tamu sana," akasema.

Haya. Basi Jumbe naye alikuwa ameapa. Jumba lisimame hapo hapo palipo wazi, si kwingine. Akapima. Hatua tatu huku, hatua tatu kule. Upande mmoja mpera, upande wa pili mstafeli. Na jumbe wa ng'ambo amekwisha kualikwa, yuko njiani! Fundi Ngwali akafanya awezavyo. Nguzo hamsini zikawa nne. Milango minane ikawa mmoja, na huo wa kuinamia.

Jumbe wa ng'ambo akaja na ngoma na watu arobaini. "Jumba liko wapi?" akauliza.

"Ndilo hili," akasema Jumbe Kibwana.

"Hili ni la kuku?"

"Ni la mji."

Jumbe Kibwana akaingia ili kuonyesha. Aliingia kinyumenyume. Akakaa, magoti yakabaki nje. Akaanza hotuba ya kukaribisha, ndefu, aliyokuwa ameitunga siku saba. Alipoichungulia hadhira yake, hakuona mtu. Jumbe wa ng'ambo alikuwa kwenye mshokishoki. Watu wake arobaini wametawanyika mitini, vinywa vimejaa. Mzee Chande anawaonyesha namna ya kupaka mafuta kabla ya kupasua fenesi. Wageni walikuja kwa siku moja, wakakaa tano. Siku ya kuondoka, jumbe wa ng'ambo alimshika Kibwana mkono akamwambia, "Jumba langu lina joto, ndugu yangu. Watu wakiingia wanatafuta mlango wa kutokea. Ndiyo maana niliweka saba."

Kutoka siku hiyo mikutano ya mji ikafanyika kiungani. Mwanzo Jumbe aliongoza akiwa ndani ya jumba lake, wengine nje kivulini. Lakini kila alipotoa kichwa mlangoni, alikuta mambo yamekwisha kuamuliwa na mapera yamekwisha kuliwa. Mkutano wa nne akatoka, akaja kukaa mkekani karibu na Bi Mize, upande wa sikio la kulia.

"Nilibomoe?" akauliza.

"Usilibomoe," akasema Bi Mize. "Lina kazi. Atakayekuja na shauri la kukata mti humu, mwingizeni kwanza. Akae peke yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, magoti yakiwa nje. Akitoka bado anataka kukata, basi tumsikilize."

Ikawa ndiyo sheria ya mji. Bi Mize alikufa mzee wa kutosha, mji mzima ukamzika, na Kibwana mwenyewe ndiye aliyefagia kiunga arobaini yote ya matanga. Baada yake walikuja majumbe wengine, wenye mashauri ya kila namna. Mmoja alitaka soko. Mwingine alitaka njia pana ya kupitisha punda wawili kwa pamoja. Mwingine alitaka uwanja wa kusimama tu. Kila mmoja aliingizwa kinyumenyume katika lile jumba, akakaa, akatazama miti, akasikia harufu ya mapera, magoti yakamuuma. Na kila mmoja alitoka akasema neno lile lile: "Nimeghairi. Nipeni tunda."

Basi wajukuu zangu, sikieni. Kitu cha wote hupotea kwa sababu kila mtu anangoja mwenzake akisemee, na mwenzake naye anamngoja yeye. Kama una mti wako moyoni, utaje mapema, wakati shoka bado liko begani.

Hadithi yangu imefika ukutani, haina pa kupita tena. Inukeni, mkung'ute mikeka.